DJ wa House Anabonyeza Nini? Mizani na Utani Nyuma ya Mashine

Shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani ya pilau mapajani, anamtazama kijana aliyesimama nyuma ya meza. Ilikuwa harusi ya jirani, Makorora mjini Tanga, turubai limefungwa kutoka ukuta wa nyumba hii hadi mwembe wa nyumba ile. Kijana yule, DJ wa mtaani kwetu, alikuwa ameinamisha kichwa, hedifoni imeziba sikio moja tu, kidole kimetua juu ya kitufe. Muziki uliokuwa ukilia ulikuwa house, kinanda kinajirudia na ngoma inatwanga kwa mwendo mmoja bila kuchoka.

Ghafla besi ikapotea. Ikabaki kayamba na kinanda. Watu wakainua mikono, wanaijua desturi, besi ikiondoka hurudi. Haikurudi. Badala yake ikaingia sauti ya mwanamke, kipande cha taarabu ambacho kila aliyekulia Tanga amekisikia jikoni kwao, nusu mstari tu, kisha kimya cha pigo moja, kisha besi ikaanguka kama gunia la mchele. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Shangazi alicheka hadi akaiweka sahani chini.

Alipomaliza kucheka akanigeukia. "Mwanangu, hivi huyu analipwa kwa nyimbo za watu? Mbona namwona anabonyeza tu?"

Nilimjibu juu juu kwa sababu ya kelele. Swali lake ni la haki na nimelisikia kwa watu wengi, wakiwemo wazazi wa vijana wanaotaka kuifanya kazi hii. Nimeamua kulijibu kwa utulivu, kuanzia na lile lililomchekesha yeye mwenyewe, kwa sababu naamini jibu limo ndani ya kicheko kile.

Kwanza tuliondoe tatizo la jina. Kwetu Tanzania neno DJ lina wenyewe wengi. Yuko wa redioni anayeongea katikati ya nyimbo. Wako wa filamu, akina Lufufu, waliotutafsiria sinema za Kichina na Kihindi kwa Kiswahili hadi watoto wakadhani Jet Li kazaliwa Manzese. Yuko wa harusi anayefuata ratiba ya mshereheshaji: wimbo wa maharusi kuingia, wimbo wa keki, wimbo wa kutunza. Hawa wote wana kazi yao na heshima yao. DJ wa house ni mwingine. Yeye hupewa saa tatu, nne au zaidi, hana ratiba, hana kipaza sauti, na anatakiwa nyimbo hamsini za watu hamsini tofauti zisikike kama kitu kimoja kinachokwenda. Kijana wetu wa Makorora ni DJ wa harusi kwa riziki na DJ wa house kwa moyo, na usiku ule aliiba dakika arobaini baada ya chakula ili awe yule wa pili.

Muziki wenyewe ulipata jina lake kutokana na ghala. Mwaka 1977 lilifunguliwa klabu mjini Chicago, Marekani, katika jengo lililokuwa kiwanda na ghala, likaitwa The Warehouse, yaani Ghala. Mwenye klabu alimtaka kwanza DJ wa New York aitwaye Larry Levan. Levan akakataa, akaenda rafiki yake wa tangu ujana, Frankie Knuckles, umri miaka 22. Waliokuwa wakicheza pale wengi wao walikuwa vijana weusi na Walatino, na wengi wao watu wa mapenzi ya jinsia moja, ambao kumbi nyingine za mji hazikuwapokea. Maduka ya santuri yalipoanza kuulizwa muziki "kama ule wa Warehouse", neno likafupishwa, likabaki house. Sisi wa Tanga tunaojua maghala ya mkonge yale ya karibu na bandari, yenye kuta nene na mwangwi wake, tunaweza kukisia ngoma inasikikaje mle ndani.

Wakati ule ule Marekani ilikuwa inaugombeza muziki wa disko. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park huko huko Chicago, mtangazaji wa redio alilipua sanduku la santuri za disko mbele ya maelfu ya watu. Watu wakavamia uwanja, mechi ya pili ya siku ile ikashindwa kuchezwa. Mmoja wa vijana walioajiriwa kuwaonyesha watazamaji viti vyao siku hiyo aliitwa Vince Lawrence, kijana mweusi, na ameeleza kwamba aliona watu wakileta santuri za wasanii weusi za kila aina, hata zisizo za disko, zichomwe. Miaka mitano baadaye, 1984, Lawrence huyo huyo alishirikiana na Jesse Saunders kutoa santuri ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya house. Napenda habari hii kuliko zote katika historia ya muziki huu. Aliyesimama kwenye moshi wa santuri zilizolipuliwa ndiye aliyesaidia kuleta zinazofuata.

Vyombo vyao vilikuwa vya bei ya kutupwa. Kampuni ya Kijapani ya Roland ilitoa mashine ya ngoma ya TR-909 mwaka 1983, ikatengeneza kama elfu kumi tu, wanamuziki wakubwa hawakuitaka kwa kuwa ngoma yake haikufanana na ngoma ya kweli. Zikaishia kwenye maduka ya mitumba na mikononi mwa vijana wasio na bendi. Lile "du, du, du, du" unalolisikia hadi leo kwenye spika za Makorora limetoka humo.

Sasa tuje kwenye kubonyeza. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo shangazi alipokwama.

Shangazi yangu ni mtu wa mashairi. Alikua akisikiliza malenga redioni na mpaka leo ukimsomea ubeti wenye mshororo uliopungua mizani atasema palepale, "Guni hilo," kabla hujamaliza kusoma. Tanga ni mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, na watu wa umri wa shangazi waliyabeba mashairi kichwani kama tunavyobeba namba za simu. Kwa hiyo nilimweleza hivi siku chache baadaye, jikoni kwake, nikiwa namkunia nazi.

Shairi la kawaida lina mshororo wa mizani 16, nane ukwapi na nane utao, na ubeti una mishororo minne. Wimbo wa house nao umejengwa kwa hesabu inayokaribia hiyo sana. Ngoma hugonga kwa mapigo manne manne. Manne hayo yakijirudia mara nne unapata 16, huo hesabu kuwa mshororo. Mishororo minne ni mapigo 64, huo ni ubeti. Mwisho wa mshororo kwa kawaida kuna kitu kidogo, kayamba imeongezeka au ngoma imerukwa. Mwisho wa ubeti kuna kitu kikubwa: sauti inaingia, kinanda kinaondoka, besi inabadilika. Mtengenezaji wa wimbo ameupanga hivyo kwa makusudi, na mwanzo na mwisho wa nyimbo nyingi za house huacha ngoma tupu ili DJ apate pa kuunganishia.

Wimbo wa mwendo wa mapigo 124 kwa dakika, ubeti wake mmoja huchukua takriban sekunde 31. Ndani ya sekunde hizo, wakati wewe unacheza wimbo wa kwanza, DJ anasikiliza wimbo wa pili kwenye sikio moja. Wimbo wa pili una mwendo wake, tuseme 126. Lazima aupunguze kwa asilimia moja na nusu hivi ili ulingane na wa kwanza. Zamani alifanya hivyo kwa kitelezi cha mashine ya santuri. Ile Technics SL-1200 iliyozeekea kazini duniani kote huongeza au kupunguza hadi asilimia 8. Siku hizi laptopu inaweza kumlinganishia mwendo yenyewe. Ila mwendo ukishalingana bado lazima ajue ubeti unaanzia wapi, na ndipo penye kazi. Akiuachia wimbo wa pili katikati ya mshororo wa wimbo wa kwanza, mwendo utalingana lakini maana itagongana: huyu anamaliza sentensi, yule anaanza yake juu yake. Mguu unajua. Watu wataendelea kucheza, lakini utaona mabega yamelegea.

"Guni," shangazi akasema.

Ndiyo, guni. Halafu kuna besi. Nyimbo mbili haziwezi kuweka besi zote mbili kwa pamoja, spika inaguna kama tumbo la mgonjwa. Kwa hiyo kuna vifundo vitatu kwenye miksa, cha sauti nene, cha kati na cha nyembamba. DJ anauingiza wimbo wa pili ukiwa hauna besi, unakuwa kama mtu anayenong'ona nyuma ya mwenzake, na ubeti unapogeuka anakata besi ya kwanza na kufungua ya pili kwa mpigo mmoja. Ukiwa unacheza, unachohisi ni kwamba sakafu imebadilika chini ya miguu yako na hujui lini. Nilimshika shangazi mkono nikamgongea mapigo kiganjani, 16, kisha 16, kisha 16, na wa nne nikaliruka pigo la mwisho. Mkono wake uliruka wenyewe kulitafuta.

Hapo ndipo mzaha unapoingia.

Wengi wanaposikia kwamba DJ fulani ana utundu au vituko hufikiria kofia ya ajabu, kupanda juu ya meza, kurusha keki. Vipo. Lakini utundu wa DJ wa house unaishi kwenye hesabu ile. Mkono wa shangazi uliruka kwa kuwa ulishaahidiwa kitu mara tatu. Bila ahadi hakuna mzaha. Mtu ambaye hajahesabu na wewe huwezi kumchezea. Kwa hiyo DJ mtundu ni yule anayekupa mizani iliyonyooka kwa dakika ishirini, umeshaacha kufikiri, mwili umemwamini, ndipo anaondoa pigo moja. Besi inachelewa kwa ubeti mzima. Wimbo ulioupenda unachungulia, unaondoka, unarudi baada ya nusu saa ukiwa umesahau.

Sisi tuna neno lake tangu zamani: utani. Mtani si mtu anayekutukana ovyo. Ni mtu mwenye haki ya kukuchezea kwa sababu anakujua na ana wajibu kwako. Msibani mtani anaweza kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, waliokuwa wakilia wakacheka, na mtani huyo huyo ndiye atakayeshika jembe la kaburi. Anajua mpaka. Asiyejua mpaka hana utani, ana utovu wa adabu. Nikimtazama DJ mzuri wa house namwona mtani wa ukumbi.

Frankie Knuckles alikuwa mpole wa sura na maneno, lakini pale Ghalani alikuwa anaweza kuzima taa zote na kuweka santuri ya mlio wa treni ya mwendo wa kasi, ikapita kutoka spika za upande mmoja hadi upande wa pili, watu gizani wakapiga mayowe kama reli imepita katikati yao. Fikiria hilo kwa mtu aliyelala kwenye nyumba za karibu na stesheni ya Tanga. Larry Levan, aliyemwachia Knuckles kazi ile, alitawala klabu ya Paradise Garage New York kwa miaka kumi, na alikuwa akiona mpira wa vioo wa darini umeingia vumbi huacha mashine akapanda ngazi kuusafisha, watu wakimsubiri. Wengine waliona ni kiburi. Mimi naona ni mwenye nyumba anayetengeneza nyumba yake mbele ya wageni, na wageni wakajua kwamba hapa ni kwa mtu.

Ron Hardy ndiye alikuwa mtundu kuliko wote. Alipiga klabu ya Music Box, Chicago, kwa kasi kuliko wenzake, na alikuwa akizungusha nyimbo kinyumenyume. Kundi moja la vijana, Phuture, lilimpelekea kanda yenye mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia: mashine ya besi ya TB-303 imepindishwa hadi inalia kama nyaya za umeme zinazotafuna maji. Hardy aliipiga usiku ule, watu wakaondoka uwanjani. Akasubiri, akaipiga tena. Akaipiga ya tatu. Kwa masimulizi ya mmoja wa vijana hao, DJ Pierre, alipoipiga ya nne watu walikuwa wakicheza kichwa chini miguu juu. Kanda ile ilitolewa rasmi 1987 na ikazaa tawi zima la house. Nimeifikiria sana ile mara ya pili. Mara ya kwanza yeyote angeweza. Mara ya nne ilikuwa shangwe. Mara ya pili, mbele ya uwanja mtupu, ndipo palihitajika moyo na imani kwamba watu wako watarudi.

Na yuko Derrick Carter, naye wa Chicago, aliyezaliwa 1969. Alianza kupiga santuri akiwa na miaka 9, kwenye mikutano ya ukoo wao. Nikisoma habari hiyo naona disko toto zetu za Idd, watoto wamevaa nguo mpya, na kuna mtoto mmoja asiyecheza, amesimama karibu na mashine anatazama vitufe. Carter alikuja kufanya kazi dukani pa santuri, akatengeneza nyimbo zake, na mwaka 1995 akaanzisha kampuni ya muziki iitwayo Classic pamoja na Mwingereza Luke Solomon. Anajulikana kwa ucheshi mpaka kwenye majina: jina la albamu yake ya 2002 lina maana ya kucheza ngoma ya mraba ndani ya nyumba ya duara. Kwenye mashine anaweza kuchanganya disko la kale, hotuba ya mtu na ngoma ngumu, vikakaa pamoja kama watoto wa baba mmoja. Nadhani aliyeanza kwa kuchezesha bibi na mjomba na binamu kwenye uwanja mmoja hujifunza mapema kwamba ukimchekesha mmoja usimwache mwingine.

Utani haulazimishi makeke. Black Coffee wa Afrika Kusini, aliyeshinda tuzo ya Grammy mwaka 2022 kwa albamu ya muziki wa dansi wa kielektroniki, hafanyi vituko. Mkono wake wa kushoto uliumia vibaya mwaka 1990 akiwa kijana, anapiga kwa mkono mmoja, mwingine uko mfukoni, na uso umetulia. Mchezo wake ni wa kusubiri tu. Atakuweka kwenye ngoma nyembamba muda mrefu hadi uanze kuwa na wasiwasi. Upande wa pili yuko Uncle Waffles wa Eswatini, aliyejulikana mwishoni mwa 2021 kwa video fupi akipiga amapiano na kucheza papo hapo ukumbini Soweto, akimjazia nafasi DJ ambaye hakutokea. Mwaka 2023 alikuwa jukwaani Coachella, Marekani. Amapiano ni mtoto wa house ya Afrika Kusini, imepunguza mwendo na kuongeza ile besi ya gogo, na ndiyo iliyoileta house hata kwenye bajaji za Tanga ambazo wenye nayo hawalijui neno house lenyewe.

Kuhusu maisha ya kazi yenyewe nitasema machache. Njia iliyozoeleka duniani ni kwamba unaanza kwa kufungua ukumbi, yaani kupiga saa ambazo watu bado wanaagiza soda. Ni kazi ngumu na haina makofi. Halafu ukibahatika unapata ukumbi wako, wiki kwa wiki, watu wale wale. Knuckles na Levan na Hardy wote walijengwa na ukumbi mmoja, si na safari. Kisha unatengeneza nyimbo zako na remiksi za wengine. Knuckles alianza kwa kukata kanda kwa wembe na kuziunga ili sehemu za ngoma ziwe ndefu, na mwaka 1998 akawa mtu wa kwanza kupewa Grammy ya mtengeneza remiksi bora. Mwaka 2004 kipande cha mtaa palipokuwa na Ghala kilipewa jina lake. Alifariki 2014.

Tanga njia ni nyingine. Kijana wetu hana ukumbi. Ana harusi, send-off, kitchen party, siku ya Idd ana disko toto, na mara moja moja Raskazone wanapokuja wageni. Spika si zake, anakodi kwa siku. Kila mahali anakutana na watu wapya, kwa hiyo anaanza upya kujenga ile imani ambayo wenzake wa Chicago walipewa miaka kuijenga. Ana dakika arobaini baada ya pilau. Ndiyo maana anatumia taarabu. Mtaani Tanga huna haja ya kumfundisha mtu imani na taarabu, anayo. Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu, viliingiza magitaa na besi ya umeme kwenye taarabu miaka ya sitini na sabini, taarabu ikachezeka, na sauti hizo zimo kwenye mifupa ya watu. Akiweka nusu mstari tu, wote wameshahesabu naye.

Na nyimbo za watu? Shangazi alikuwa na hoja. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na aliyetunga anastahili chake wimbo wake ukipigwa hadharani. DJ analipwa kwa kitu kingine. Mpishi hakulima mpunga wala hakuchuma karafuu, na bado pilau ya mtu fulani watu huifuata hadi Pongwe.

Jambo lililonivutia zaidi kwa kijana huyu nililiona mchana mmoja kibarazani kwao. Alikuwa anajaribu kuweka chakacha juu ya house, na ilikuwa inamshinda. House hukata kila pigo kwa nne, chakacha hukata kwa tatu. Ukizilinganisha kwa mapigo madogo zinapigana kama paka. Alikaa nayo siku mbili. Alichogundua ni kuacha mapigo madogo na kulinganisha hatua kubwa tu, mguu wa chakacha na mguu wa house vitue pamoja, halafu katikati ya hatua kila mmoja atembee anavyojua. Kisha akakata sauti nene ya chakacha, lile vumi likapotea, ikabaki chapuo peke yake inaruka juu ya besi ya house. Alinipa hedifoni. Ilikuwa kama kuona mtu anatembea wima na kuyumba kwa wakati mmoja. Akacheka peke yake, kicheko cha mtoto aliyeficha kitu, akasema, "Hii nitawawekea, kaka, lakini siyo mwanzoni."

Aliiweka harusi iliyofuata, na shangazi alikuwepo. Safari hii hakukaa mbali, alivuta kiti karibu na meza. Kijana alipiga house iliyonyooka kwa muda mrefu, kina mama wa kibao kata wameshajipanga, ndipo chapuo ikaanza kuchungulia. Mwanamke mmoja alisimama, akatazama kulia na kushoto kama mtu aliyeitwa jina. Chapuo ikaongezeka. Nyonga zikaelewa kabla ya vichwa.

Umeme ukakata.

Giza, kimya, ule mguno wa watu wengi kwa pamoja. Kijana hakusema kitu. Alianza kupiga makofi, manne manne, mwendo ule ule. Waliokuwa karibu wakadaka, ikaenea chini ya turubai, wengine kwa sahani, wengine kwa miguu vumbini, na kina mama wakaingiza chakacha yao katikati kwa midomo. Jenereta ikaungurumishwa nyuma ya nyumba. Taa zikawaka. Makofi hayakukoma. Kijana aliinama, hedifoni sikioni, akasubiri ubeti ugeuke, akaiachia besi.

Shangazi alitikisa kichwa. "Kachelewa pigo," akaniambia sikioni. "Guni hilo."

Kijana alikuwa ameshalisikia. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatutazama, akakata muziki, akawaonyesha watu mikono yake wapige makofi upya. Shangazi aliweka pochi yake chini na kuanza kuhesabu.